Lori Lililokunywa Maji

Harufu ya maji yenye kutu yanapochemka haifanani na nyingine yoyote. Ina uchachu wa msumari uliolowekwa, ina mpira wa moto ndani yake, na nyuma kabisa ina kitu kama tope la mto. Mwaka juzi jirani yangu hapa Mang'ula alifungua rejeta ya pikapu yake kabla haijapoa. Mvuke uliruka ua ukafika kwenye kamba yangu ya nguo, na mimi, mwalimu mzima mwenye watoto walionizidi kimo, nikaketi mchangani na shuka mbichi mapajani. Jirani alidhani nimeungua, akaja mbio na ndoo. Sikuwa nimeungua. Nilikuwa nimerudi Katindiuka, nina miaka kumi, nimesimama juu ya bampa ya lori na kopo mkononi.

Jambo hili nimelisema kwa mtu mmoja tu kabla yako. Ngoja nikueleze lilivyokuwa.

Baba yangu, Dominiki, alikuwa fundi wa injini za dizeli. Karakana yake ilikuwa uwanja wetu wenyewe pale Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, pale ambapo nyumba zinaanza kuachana na majaruba ya mpunga yanaanza. Mashine ya kukoboa ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na pumba zake zilichomwa mchana kutwa, ndiyo maana kila kitu chetu, nguo, vikombe, hata uji, kilikuwa na vumbi jepesi la kijivu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache kwa watu na maneno mengi kwa injini. Nilishamsikia akiiambia injini pole.

Mdogo wake, Baba Mdogo Venansi, alikaa nasi katika chumba cha uani. Yeye alikuwa dereva, na alikuwa kinyume cha baba kwa kila kitu: mrefu, mcheshi, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti mbaya ambayo hakuna aliyethubutu kuisema kwa sababu ndiye aliyewabeba wanakwaya bure siku za sherehe. Aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Viwanja Sitini ambaye sote tulimwita Tajiri. Lilipanda Mahenge na chumvi, sabuni na saruji, likashuka na mahindi na maharage. Akifika kwenye mashine ya kukoboa hupiga honi mara mbili, nami hapo hubandika maji ya ugali.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipika kwa sababu mama hakuwepo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa ameanguka kule Mahenge akavunjika nyonga, na mama alikwenda kumuuguza. Alisema wiki mbili. Ikawa mwezi, ikawa miwili. Ugali wangu ulikuwa na mabonge ambayo Baba Mdogo aliyaita mawe ya msingi. Aliyala yote, kisha akaniambia, "Vumilia, Felista. Safari ijayo nakuletea mama yako. Nitamkalisha mbele, dirishani, kama bibi harusi."

Basi nikawa nahesabu safari. Na ndipo lori likaanza kunywa maji.

Mwanzoni lilikunywa kidogo. Baba Mdogo alirudi siku moja akasema ameongeza dumu dogo njiani. Safari iliyofuata yakawa madumu mawili, na utingo wake, Kasian, kijana mwenye mabega kama mlango, akalalamika kwamba siku hizi kazi yake ni kuteka maji mitoni. Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele pale mashineni walisema lori limeingiliwa, kuna kitu kinakunywa humo. Baba aliwasikia, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama kawaida yake.

"Maji hayana mabawa," aliniambia. "Yakiondoka mahali, yapo mahali. Kazi ya fundi ni kuuliza yako wapi."

Na akaanza kuuliza. Niseme kweli, zile ndizo siku nzuri kuliko zote nilizokaa na baba, kwa sababu alinishirikisha. Kwanza tulitandaza majivu ya pumba chini ya injini, laini kama unga, ili tone lolote liache alama. Asubuhi tulikuta alama tele, zote za miguu ya kuku wetu. Baba akamtazama yule kuku akasema, "Huyu naye fundi, amekagua kote." Tukatandaza upya, tukamfunga kuku. Hakuna tone. Akaminya hosi zote, ile mipira inayopitisha maji, moja moja kwa vidole, akapitisha kitambaa kikavu chini ya pampu ya maji. Kikavu kiliingia, kikavu kilitoka.

Kisha aliwasha injini, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, akanipandisha kwenye bampa nitazame ndani ya tundu. "Ukiona mapovu yanapanda kama ya chungu, niite. Hapo moto utakuwa umeingia kwenye maji." Nilitazama mpaka macho yakauma. Maji yale yalikuwa mekundu kwa kutu, kama chai ya rangi iliyokolea, yakitetemeka tu bila povu. Yeye alisimama nyuma kwenye bomba la moshi, akauziba moshi kwa kiganja, akaunusa, akakitazama kiganja. Kilikuwa cheusi na kikavu.

Jioni ile alichora injini mchangani kwa kijiti. "Hayatoki nje," akasema, "na hayaendi motoni. Pamebaki mahali pamoja tu." Akanionyesha jinsi kila pistoni inavyocheza ndani ya laina, yaani bomba nene la chuma, na jinsi maji yanavyoizunguka laina hiyo kwa nje ili isiungue. Chini ya laina kuna pete za mpira zinazoyazuia maji. Pete ikichoka, au laina ikitoboka hata tundu la sindano, maji hushuka polepole kwenye bakuli la oili chini kabisa, hata gari likiwa limelala.

"Yakishuka huko kuna nini?" nikauliza.

"Oili yenye maji haishiki chuma. Chuma kinakula chuma. Siku moja injini inakamata ghafla, haizunguki tena." Akafuta mchoro kwa kiganja. "Ikikamata uwandani, unashuka unatukana. Ikikamata mlimani, upepo wa breki, unaojazwa na injini hiyo hiyo, unaisha, na hapo..." Nataka ujue kwamba nilisikia. Sikuwa mtoto ambaye hakuambiwa.

Tajiri alikuja Jumamosi. Alikuwa mtu mpole wa sura, lakini saruji ya watu wa Mahenge ilikuwa imekwisha kupakiwa, na alitaka lori liondoke kesho yake. Baba akamweleza. Tajiri akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani.

"Fundi, oili hii hapa, nyeusi tii. Maji yako wapi?"

"Gari limelala siku mbili, Tajiri. Maji ni mazito, yanakaa chini ya oili. Kijiti hakiyafikii."

"Na ukifungua injini?"

"Wiki mbili, labda tatu. Vipuri mpaka Dar es Salaam."

Tajiri akasema basi itambidi mzigo wa Mahenge aupe lori la mtu mwingine, na la kwake lisubiri hadi mwezi ujao. Wakabishana kwa adabu, kama watu wanaoheshimiana. Mwisho wakakubaliana hivi: baba atajaza rejeta mpaka shingoni, aifunike, na asiiguse mtu mpaka kesho baada ya misa ya kwanza. Maji yakishuka, injini inafunguliwa. Yasiposhuka, lori linakwenda.

Baba Mdogo alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, akila muwa. "Mimi ni dereva tu," akasema. "Mkisema twende, naenda. Mkisema tulale, nalala. Kulala ndiko nakopenda zaidi." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Katika maneno yote ya siku ile, nilikuwa nimeyashika mawili: mwezi ujao.

Jumapili kulipopambazuka nilikwenda bombani na ndoo yangu ndogo. Niliporudi uwanja ulikuwa kimya. Baba alikuwa anaoga nyuma ya ua wa makuti, nikisikia maji yakimwagika, na Baba Mdogo alikuwa ametangulia kanisani kwa sababu ya kwaya. Nilitua ndoo. Nilipanda bampa, nikafungua kifuniko, nikachungulia.

Yalikuwa yameshuka vidole viwili.

Nilisimama pale nadhani kwa muda wa Salamu Maria moja. Kisha nikashuka, nikachukua kopo la maziwa ya unga tulilokuwa tukitekea, nikamimina. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka yakagusa shingo. Nilimimina taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Sikuhisi kwamba natenda ubaya. Nilihisi kwamba namsaidia mtu aliyekaribia kufaulu mtihani. Nilifunika, nikafuta matone kwa gauni, nikaenda misani, na huko nikaomba mama arudi.

Baada ya misa tulizunguka lori: Tajiri, baba, Baba Mdogo akiwa bado na shati lake jeupe la kwaya, Kasian, na mimi. Baba alikuwa ameandaa gunia chini ya injini na spana mkononi. Alikuwa ameniambia kwamba hata maji yakionekana yamesimama, atalegeza boliti ya bakuli la oili kidogo tu, kwani maji kwa uzito wake yangetangulia kutoka. Alifungua rejeta. Akachungulia. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona maji.

"Yapo?" Tajiri akauliza.

"Yapo."

Baba aliinua uso akamtazama mdogo wake. Baba Mdogo akapiga makofi. "Kaka, si nilikwambia? Mgonjwa kapona kwa misa. Wewe endelea kunusa moshi, sisi twende zetu."

Tajiri akacheka, Kasian akacheka. Baba alibaki na spana mkononi. Alilitazama gunia pale chini. Kisha akairudisha spana kwenye sanduku, akalifunga sanduku, akasema neno moja, "Nendeni," akaingia ndani.

Nilikimbia nyuma ya lori mpaka mashineni. Baba Mdogo alipiga honi mara mbili, akatoa kichwa dirishani. "Fagia chumba cha mama yako!" Nikarudi nikafagia. Nilifagia hadi chini ya kitanda.

Yaliyofuata aliyasimulia Kasian, akiwa ameketi kwenye kigoda chetu na mkono uliofungwa, akirudia rudia kama mtu anayetafuta mahali alipokosea. Walivuka mto kwa kivuko, wakapita Lupiro salama, injini ikiimba. Wakaanza kupanda. Katikati ya mlima wakasikia sauti kama mchi kwenye kinu kitupu, mara tatu nne, kisha kimya. Lori likasimama, likaanza kurudi nyuma. Baba Mdogo alikanyaga breki, ikashika kidogo, ikaachia. "Ruka!" alimwambia. Kasian aliruka na gogo la kuwekea tairi, akaliweka, na tairi likalitupa kando kama gunzi. Chini kwenye kona walikuwa wanapanda kina mama na mikungu ya ndizi vichwani. Baba Mdogo angeweza kuruka pia, Kasian alisema, mlango wake ulikuwa wazi. Hakuruka. Aliukata usukani kwa nguvu zote, akalipeleka lori kwenye ukingo wa mlima. Lilizunguka, kichwa kikaelekea bondeni, likapinduka ubavu, na saruji yote ikaja mbele juu yake.

Kina mama wale walipona wote.

Mama alirudi Jumatatu. Alirudi na gari lililoleta maiti, amekaa nyuma kando ya jeneza, kanga imejaa vumbi jeupe. Aliposhuka alinifungulia mikono. Nilikwenda. Nilinusa jasho lake nililokuwa nimelikosa miezi miwili, na nikajua, kwa akili yote ya miaka kumi, kwamba nilikuwa nimepewa nilichoomba.

Lori lilivutwa hadi kwetu. Baba aliifungua injini peke yake, milango ya ua imefungwa, hata mimi hakuniita. Nilimwona kupitia nafasi za makuti akiwa ameishika laina moja, akiigeuza kuelekea jua, na uzi mwembamba wa mwanga ukapita katikati ya chuma ukamgusa shavuni. Tundu la sindano, kama alivyosema.

Tangu hapo hakugusa tena lori. Alitengeneza mashine za kukoboa tu, vitu visivyokwenda popote. Na jina la Venansi hakulitaja. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, mama alikwenda makaburini kufyeka na kuwasha mishumaa, na baba alibaki nyumbani ananoa visu visivyohitaji kunolewa. Mama alisema ni uchungu, kila mtu na kilio chake. Mimi niliamini kwamba baba anajua, na kwamba ananihurumia. Nilikua ndani ya imani hiyo. Kila nilipomimina maji kwenye chombo chochote, mtungi, birika, beseni la kumwogeshea mwanangu wa kwanza, nilijikuta nahesabu: moja, mbili, tatu. Likipita lori likapiga honi mara mbili, mikono yangu ilitafuta unga.

Baada ya siku ile ya pikapu ya jirani sikuweza kuvumilia tena. Nilipanda basi nikaenda Ifakara. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Baba alikuwa ameketi barazani, macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho, akanitambua kwa hatua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona katikati ya wiki?"

Nilimwambia yote pale pale, nimesimama, mkoba bado begani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo ni fundi tu angeuliza.

"Makopo mangapi?"

"Matatu."

"Maji ya bomba."

"Ya bomba, baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Niliyaona," akasema. "Maji ya rejeta ile yalikuwa mekundu. Asubuhi ile juu yalikuwa meupe. Nikajua kuna mtu ameongeza."

"Ulijua ni mimi?"

"Wewe?" Alinigeukia na yale macho yasiyoona. "Ningejuaje ni wewe? Nilidhani ni Venansi."

Nikaketi. Aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefungua kitu kilichoshika kutu. Alidhani mdogo wake ametaka safari yake, akamimina maji kwa siri, kisha akasimama mbele ya Tajiri na kumcheka. "Nikasema moyoni, kumbe ananiona mjinga. Sawa, na aende. Spana ilikuwa mkononi, Felista. Ningelala kwenye lile gunia dakika moja tu. Sikulala, kwa sababu nilimkasirikia. Na alipokufa niliendelea kumkasirikia. Kwamba alinidanganya, kwamba alijiua, kwamba alinifanya mimi nimuue. Miaka yote hii nimemnunia maiti."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kumbe hakunidanganya." Akalisema tena. Machozi yakamtoka yakashuka bila kufutwa, na sikujua kama ni ya faraja au ya kitu kingine, na bado sijui.

Utotoni nilidhani kimya changu ni mzigo wangu peke yangu, kwamba nikiubeba vizuri hautamwangukia mtu. Sikujua kwamba kosa lisilo na mwenyewe halikai hewani. Linamtafuta mtu wa kumkalia, na lilimkalia aliyekuwa hawezi tena kujitetea. Venansi alikufa kwa sababu ya mambo mengi, na makopo yangu matatu ni mojawapo. Lakini kumnyang'anya baba ndugu yake kwa mara ya pili, na kumwacha marehemu akichukiwa na aliyempenda kuliko wote, hilo nililifanya peke yangu, kila siku niliyonyamaza.

Asubuhi yake baba aliniomba nimshike mkono hadi ofisi ya parokia. Alitaka kuombea misa. Katibu, kijana mdogo, alifungua daftari akauliza jina la marehemu. Baba akalitaja lote, la ubatizo, la baba yao na la ukoo, polepole, mara ya kwanza masikioni mwangu tangu nilipokuwa na miaka kumi.

"Na inaombwa na nani, mzee?"

"Kaka yake."

Kijana aliandika, akataka kufunga daftari. Baba alinyoosha mkono akagusa meza.

"Bado," akasema. "Ongeza na huyu hapa."